Vitambaa Vinne vya Binti wa Dobi

Hakuwa na saa ya mkononi. Hakuwa na sare ya pili, kwa hiyo ile moja ilifuliwa kila jioni na kuvaliwa asubuhi ikiwa bado na unyevu kwenye mishono. Hakuwa na kitanda cha peke yake, wala mlango wa kufunga, wala dada wa kunong'onezana naye. Hakuwa na sauti ya kuimba. Hakuwa na subira. Lakini kitu kimoja binti wa dobi hakukikosa hata siku moja, nacho ni shaka.

Alishuku kila kitu. Akipewa chai, aliinusa kwanza. Akiambiwa kesho hakuna shule, alikwenda mpaka getini kuhakikisha. Baba yake alimpachika jina la Mpelelezi, na jina hilo likamganda kama wanga kwenye kola ya shati. Shuleni, nyumbani na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine.

Mpelelezi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alifua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati na vitambaa vya meza vya watu binafsi. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, likakalishwa juu ya mafiga na kuzungushiwa mabati ili upepo usisumbue moto. Mashuka yalichemshwa humo alfajiri, yakasuuzwa mara tatu, mara ya mwisho kwa maji ya buluu, kisha yakaanikwa jua lilipochomoza. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi kwenye pindo la nguo: mishono miwili myekundu kwa nyumba ya wageni, mitatu ya kijani kwa zahanati. Alama hizo alizishona Mpelelezi mwenyewe, na hakuwahi kuchanganya nguo ya mtu na ya mwingine.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka sita. Walilala kitanda kimoja, chini ya dirisha lililotazama nyuma. Tangu muhula ulipoanza, kifua cha mtoto huyo kilikuwa kikilia kila apumuapo, sauti nyembamba kama ya filimbi inayopulizwa mbali. Watoto wa mtaani hawakukawia. Walimwita Filimbi, na mama akaanza kuitwa Mama Filimbi. Yeye alilichukia jina hilo kuliko anavyochukia doa la mafuta.

Muhula huo huo mambo mawili mengine yalitokea. Baba alipata kazi katika karakana ya viatu. Kila Jumamosi alirudi na gunia la masalia aliyopewa na msimamizi: vipande vya soli, sponji na ngozi bandia. Vilishika moto upesi na kuwaka vikali, na pipa lilichemka katika nusu ya muda wa zamani. Baba aliwasha moto huo mwenyewe kabla ya kwenda kazini, akapanga kuni juu yake, na kusema kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya nyumbani ambayo mkewe hajapata kumkosoa.

Jambo la pili ni kwamba upande wa pili wa uzio alihamia mwokaji mikate.

Mwokaji alikuwa mtu mrefu, mnene, mwenye maneno machache. Alijenga tanuri la matofali lenye bomba refu. Alifanya kazi watu wakiwa wamelala na kulala watu wakiwa kazini. Madirisha yake hayakufunguliwa. Alfajiri alionekana akiingiza magunia ndani, akitazama kushoto na kulia kabla ya kufunga mlango. Ukimsalimia aliitikia kwa kichwa tu. Mtu wa namna hiyo, Mpelelezi alijiambia, lazima ana jambo analolificha.

Kisha yakaanza madoa. Mashuka yaliyoanikwa asubuhi yalianuliwa yakiwa na vidoa vyeusi, vidogo kama mbegu za ufuta. Ukivipangusa, vilipakaa na kuacha mstari wa kunata. Msimamizi wa nyumba ya wageni alirudisha mashuka kumi na mawili kwa mkupuo, na kumwambia mama kwamba wageni wake hawalali juu ya masizi. Mama aliyapokea. Alisimama uani, mikono kiunoni, akalitazama lile bomba la jirani kwa muda mrefu.

"Tangu aje," alisema hatimaye. "Kabla hajaja, shuka langu ungeweza kulivaa harusini."

Jumatatu moja Filimbi alianguka katika uwanja wa shule. Alikuwa hakimbii, alikuwa amekaa tu, akitazama wenzake. Midomo ilibadilika rangi, mabega yakapanda na kushuka, na mwalimu akambeba mpaka zahanati. Mama na Mpelelezi walipofika, walimkuta amevalishwa kinyago cha dawa usoni, macho yamemtoka, mkono wake umeshika upindo wa koti la muuguzi. Pindoni mlikuwa na mishono mitatu ya kijani.

Muuguzi alikuwa mwanamke mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Dawa ilipomaliza kazi yake, alichukua pamba kidogo akaisafisha pua ya mtoto kwa ndani. Pamba ilitoka nyeusi. Aliitazama, akawaonyesha.

"Huyu mtoto analala wapi?"

"Ni yule mwokaji," mama alijibu upesi. "Bomba lake linatema moshi usiku kucha."

"Sikuuliza nani, mama. Nimeuliza wapi."

Mama alikunja uso, akasema analala ndani ya nyumba kama watoto wa watu wote. Muuguzi hakubishana. Alimgeukia Mpelelezi, pengine kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimtazama bila kupepesa macho, na akamweleza taratibu. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo palipo na moshi yeye huvuta mwingi zaidi ukilinganisha na mwili wake mdogo. Mapafu yake bado yanakua. Moshi unayakwaruza, yanavimba, njia za hewa zinakuwa nyembamba, na ile filimbi wanayoisikia ni hewa inayojaribu kupita pembamba. Moshi wa kuni ni mbaya. Moshi wa plastiki na mpira ni mbaya zaidi, kwa kuwa una sumu ndani yake. Akiendelea kuuvuta kila siku, kifua hicho huenda kisikue kama cha wenzake.

"Dawa nimempa," alisema. "Lakini dawa yangu haiwezi kushindana na moto unaowashwa kila siku. Tafuteni moshi huo unapotoka. Mkiona mnashindwa, mwandikieni afisa afya. Akipata barua, huja."

Jioni ile ile mama alitandika karatasi kwenye meza ya kupigia pasi na kumwita Mpelelezi, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa watu wazima wengi wa mtaa. Mama alisema, binti akaandika. Sentensi tatu za kwanza zilikuwa za salamu, za ugonjwa wa Filimbi na za mashuka. Ya nne ilikuwa hii: "Sisi majirani tumemwona mwokaji kwa macho yetu akichoma mipira na plastiki katika tanuri lake."

Kalamu ilisimama katikati ya mstari.

"Mbona umeganda?"

"Nani amemwona, mama?"

"Yale magunia ya alfajiri yana nini? Maua?"

Mpelelezi aliandika. Kusema kweli, hakulazimishwa sana. Naye aliamini hivyo hivyo, na wino ulipokauka sentensi ile ilionekana ya kweli kama zile nyingine. Kinyozi wa ng'ambo alitia sahihi. Alikiri kwamba hakuona kitu, ila amesikia harufu, na pua yake haijapata kumdanganya. Fundi cherehani naye akatia sahihi ili asionekane amejitenga. Ikabaki muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikuwa amesafiri na angerudi Jumamosi. Barua iliwekwa ndani ya bahasha, bahasha ikawekwa chini ya pasi.

Habari ya barua haikukaa chini ya pasi. Kesho yake darasani, binti wa mwokaji, ambaye alikaa dawati moja na Mpelelezi, alisogeza daftari lake mbali. Walikuwa hawajawahi kuzungumza zaidi ya kuazimana rula.

"Nasikia umemwandikia baba yangu."

"Nimemwandikia afisa afya."

"Kwamba anachoma mipira. Umemwona?"

Mpelelezi alijifanya anatafuta kifutio.

"Wewe si ndiye Mpelelezi?" yule mwenzake alisema. "Kwa nini hukupeleleza kwanza? Njoo leo uone. Baba akifungiwa tanuri, tunahama tena. Hii ni shule yangu ya nne."

Mpelelezi alikwenda, lakini alikwenda kwa shaka zake zote. Alijiambia kuwa anayekualika kuona huenda ameshaficha. Mwokaji alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Alipoambiwa mgeni ametaka nini, hakukasirika wala hakucheka. Alifungua mlango wa tanuri, akafungua na yale magunia, moja baada ya jingine. Unga. Unga. Unga. La mwisho lilikuwa na kuni zilizopasuliwa, kavu, nyepesi.

"Mbona unatazama huku na huku ukiyaingiza?" Mpelelezi aliuliza.

"Paka," alisema mwokaji. "Mlango ukikaa wazi anaingia kulala juu ya unga."

Kisha alisema maneno mengi kuliko yote ambayo mtaa ulikuwa umeyasikia kutoka kwake. Alisema mkate ni mlafi wa harufu. Ukichoma kuni mbichi, mkate unakuwa mchungu. Ukichoma gogo lililopakwa rangi, mkate unanuka rangi. Akichoma mpira humo, ni nani atakayekula mkate wa mpira? Alichota jivu kidogo tanurini, akalitia kwenye kipande cha karatasi na kumpa. Nje ya mlango Mpelelezi alilipuliza. Liliruka lote, la kijivu, jepesi, wala halikuacha alama.

Madoa ya mashuka hayakuruka. Yalinata.

Mtu mwingine angeridhika. Mpelelezi hakuridhika. Usiku mwokaji anaweza kuchoma kingine, mchana akaonyesha kuni safi. Alichukua shuka kuukuu, akakata vitambaa vinne vya ukubwa wa leso, akavitia wanga mwepesi ili kila kitakachopeperuka kinase. Pembeni akashona alama kwa uzi mwekundu. Chenye mshono mmoja alikitundika kwenye uzio wa mwokaji. Chenye miwili alikitundika kando ya barabara. Chenye mitatu alikipeleka kwenye upenu wa kinyozi. Chenye minne alikitundika kwenye dirisha la chumba chake, si kwa kukishuku, bali kwa kuwa kilibaki.

Asubuhi ya Jumatano alivikusanya. Kitambaa cha uzio kilikuwa na vumbi la kijivu, akalipuliza likaondoka. Cha barabara kilikuwa na vumbi jekundu. Cha kinyozi kilikuwa na nywele. Cha dirisha lake kilikuwa cheusi. Kilikuwa kimejaa vidoa, na alipokipangusa kwa kidole, mstari wa kunata ukafuata kidole.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba binti wa mwokaji ameruka uzio akavibadilisha. Alikigeuza pembeni. Mishono minne, mshono wa tatu umepinda kidogo kwa sababu sindano ilikuwa imemchoma. Ni mkono wake. Wazo la pili lilikuwa upepo. Akatundika vitambaa vingine vinne, akapata majibu yale yale.

Alhamisi jioni alivitundika tena, na Ijumaa hakungoja kuche. Alipomsikia baba anatoka nje, naye akaamka, akasimama nyuma ya pazia.

Baba alikuwa akiimba kwa pumzi, kama afanyavyo mtu aliyeridhika na maisha yake. Alilifungua gunia, akatia chini ya pipa konzi ya soli, konzi ya sponji, kipande kirefu cha ngozi bandia. Akawasha. Moto ulipanda kwa kishindo, na juu yake ukatoka moshi mweusi, mzito, ambao haukwenda juu. Mabati yaliyozuia upepo yaliuzuia nao pia. Uligonga ukingo wa paa, ukarudi chini, ukatafuta nafasi, na nafasi iliyokuwepo ni dirisha. Mpelelezi aliuona ukiingia kwa utulivu, kama mwenyeji anayejua njia. Mwingine ulipita juu ya kamba za kuanikia, masizi yakatua kwenye kamba na kwenye ukingo wa paa, yakisubiri upepo wa asubuhi kuyaangusha juu ya mashuka.

Kufikia saa kumi na mbili, muda ambao yeye huamshwa kila siku, soli zilikuwa zimeisha na kuni tu ndizo zilizokuwa zikiwaka, kwa moshi mweupe ambao hakuna ambaye angeushangaa.

Nyuma yake Filimbi alikohoa, akakohoa tena, halafu kifua kikaanza kumlia. Mpelelezi alifunga dirisha, akamkalisha, akampa dawa ya kuvuta kama muuguzi alivyowafundisha: tikisa, toa pumzi, vuta polepole, zuia. Ilichukua muda. Mtoto alipotulia, aliegemeza kichwa begani kwake na kumuuliza kama mwokaji amekwisha kufungwa jela.

Mpelelezi alimfuta jasho usoni. Siku zote alikuwa amemshuku kila mtu na kila kitu, lakini hakuwahi kufikiri kushuku nyumba yake. Tena palikuwa na barua chini ya pasi, yenye uongo, na mwandiko ulikuwa wake. Angeweza kuchoma vile vitambaa. Jumamosi mwenyekiti angepiga muhuri, mwokaji angehama, wao wangebaki na jina zuri. Na Filimbi angebaki na moshi.

Alipiga moyo konde. Baba alikuwa anakunywa chai, mama anachanganya buluu. Mpelelezi alivipanga vitambaa vinne juu ya meza ya kupigia pasi, kimoja kando ya kingine, akaeleza alikotundika kila kimoja na alichokiona alfajiri. Hakuruka kitu.

Mama alimtazama kwa jicho la upande. "Jumanne ulikwenda kwa mwokaji. Amekupa nini?"

"Jivu."

"Nimekuuliza amekupa nini useme maneno haya."

"Amenipa jivu, mama. Nusa kitambaa."

Baba alicheka, akauliza kama ni moshi huu huu uliomchemshia chai ndio unaoitwa muuaji. Mama hakucheka. Alikuwa amekishika kitambaa cha mishono minne. Watu wengine husoma magazeti. Yeye alisoma nguo. Alikiinua kwenye mwanga. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua doa, akalitazama lilivyopakaa. Akakinusa mara moja, akafumba macho. Kisha akaenda kwenye gunia, akatoa kipande cha soli, akakichoma kwa kiberiti juu ya kona safi ya kitambaa kilekile. Vidoa vikashuka, vidogo kama mbegu za ufuta. Akavisugua. Vikanata.

Mama alikirudisha kitambaa mezani.

"Mashuka kumi na mawili," alisema polepole. "Nikamlaumu mtu wa watu." Halafu akakaa chini kando ya gunia, kama mtu aliyechoka ghafla. "Na mtoto, baba watoto. Tumekuwa tukimvukiza wenyewe."

Baba aliweka kikombe chini. Alisema kila mtu karakanani anachukua gunia, nyumba zote za wafanyakazi zinawasha kwa masalia hayo, na hakuna aliyekufa. Ndipo Filimbi alipotokea mlangoni, shati limefungwa vifungo vibaya, kifua kikimlia kwa sauti ambayo wote watatu waliisikia. Baba aliinuka. Alilibeba gunia mpaka nje ya ua, na siku ile alichelewa kazini kwa mara ya kwanza.

Mama hakuwa mtu wa kukubali kitu bila kujaribu; binti hakuiokota mbali tabia yake. Mwenyekiti aliporudi, alimwomba asipige muhuri kwanza. Kwa wiki mbili walichemsha kwa kuni kavu peke yake. Baba aliliondoa pipa chini ya dirisha, akalipeleka kona ya mbali ya ua, akabomoa bati la upande wa juu ili moshi upate njia ya kupanda. Pipa lilichelewa kuchemka na mama alinung'unika kila siku. Lakini mashuka yalirudi kuwa meupe, na vitambaa vya dirishani vikabaki na vumbi la kawaida. Filimbi alilala siku nne mfululizo bila kuamka, akaamka siku ya tano, kisha akalala tena.

Muuguzi alimsikiliza kifua na kusema kimepungua, hakijapona. Alisema kwamba kifua chepesi kama hicho kitahitaji kuangaliwa miaka mingi, na kwamba wamewahi. Aliwaambia pia kuwa watoto wengine watano wa mtaa huo humjia na filimbi ile ile. Aliuliza baba zao wanafanya kazi wapi. Mama alipomjibu, kalamu ya muuguzi ilisimama.

Jioni hiyo mama alijifunga kanga mpya, akamchukua binti yake na ile barua, akabisha hodi kwa mwokaji. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama. Alimsomea mpaka sentensi ya nne, kisha akaichana barua mbele yake na kumwomba radhi. Mpelelezi naye akaomba ya kwake, kwa kuwa mkono ulioandika ulikuwa wake.

Mwokaji alijikuna shingo. Alikwenda kwenye kabati la unga, akatoa bahasha iliyochakaa kwenye pembe.

"Na mimi nilikuwa na yangu," alisema. "Kwamba dobi anachoma uchafu alfajiri, na unga wangu unanuka. Wiki ya tatu sasa. Niliogopa kuipeleka. Mgeni akishtaki, huambiwa arudi alikotoka."

"Kumbe ulijua," mama alisema.

"Nilishuku. Ningekuja kubisha hodi, mtoto angepona mapema. Ndiyo aibu yangu mimi."

Binti wa mwokaji, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango, alitoka na kumwambia Mpelelezi kwamba kumbe mtaa mzima una wapelelezi, isipokuwa hawapeani habari. Mama alicheka kwanza, mwokaji akafuata, kicheko kizito ambacho kilimshangaza hata binti yake.

Waliandika barua mpya pale pale, juu ya meza ya kukandia mikate. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba karakana ya viatu huwagawia wafanyakazi masalia ya mpira na sponji, kwamba nyumba nyingi huyachoma kwa kupikia, kwamba nyumba ya dobi nayo iliyachoma mpaka wiki mbili zilizopita, na kwamba watoto sita wa mtaa mmoja wana ugonjwa wa kifua. Ilimwomba afisa afya aje, aanzie ua wa dobi, aone vitambaa. Hakukuwa na "tumeona" hata moja ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Baba, aliyeitwa aje atie sahihi akaja na Filimbi, ndiye aliyekawia. Aliizungukia barua ile kama mtu anayezunguka mbwa asiyemfahamu. Msimamizi angemwonaje? Wenzake je, watakaonyimwa masalia? Mama hakumsukuma. Filimbi alikuwa chini, akipuliza unga uliomwagika ili uruke, akacheka, akapuliza tena. Baba alimtazama akipuliza mara tatu bila kukohoa. Akavuta kiti, akaandika jina lake juu ya majina yote, kwa herufi kubwa.

Waliporudi nyumbani, mama alimkalisha Mpelelezi kwenye meza ya kupigia pasi.

"Mwanangu, shaka yako si mbaya," alisema. "Ndiyo iliyomwokoa mdogo wako. Ubaya wetu ni kwamba tuliielekeza kwa jirani peke yake, tukaandika kama ushahidi kitu ambacho hakuna aliyekiona. Ukitafuta kinachomdhuru mtoto, anza kutafuta ndani ya ua wako. Na usiandike uongo hata mama yako akikutajia. Siku ile ulisimama kwenye sentensi ya nne. Ulipaswa kusimama zaidi."

"Na ukinikasirikia?"

"Nitakukasirikia. Usimame tu."

Gundi haikuwepo. Mama alichovya kidole kwenye sufuria ya wanga, akapaka mdomo wa bahasha na kuufunga, na Mpelelezi akapitisha pasi ya moto juu yake mara moja. Bahasha ikakakamaa kama kola ya Jumapili.

Mpelelezi na Filimbi waliipeleka wao wawili, mchana wa siku iliyofuata. Posta ilikuwa mbali, upande wa pili wa mteremko, na hapo zamani mtoto yule alibebwa mgongoni kuanzia nusu ya njia. Mara hii alisimama mara moja tu, kumtazama paka wa mwokaji aliyekuwa amelala juu ya ukuta, kisha akaendelea. Mpelelezi alimsikiliza kifua njia nzima, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini upesi. Walipofika, alimwinua. Filimbi aliisukuma bahasha ndani ya tundu la sanduku la barua, akaweka sikio, na wote wawili wakaisikia ikianguka.